Je, nimechelewa kuanza kupiga makasia? Jibu kwa kijana anayeiota Olimpiki

Swali: "Shikamoo kocha. Nina miaka 20, urefu wangu ni sentimita 191. Nimecheza mpira wa kikapu tangu sekondari lakini sijawahi kuitwa timu yoyote kubwa. Niliangalia mbio za makasia za Olimpiki ya Paris na tangu hapo sina raha. Je, nimechelewa kuanza? Na maisha ya mpiga makasia wa Olimpiki yakoje hasa: anafikaje pale, anakula nini wakati wote huo, na anastaafu akiwa na nini?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na linalokunyima raha: hujachelewa. Makasia ni mmoja kati ya michezo michache ya Olimpiki ambayo mtu huweza kuuanza akiwa mtu mzima na bado akafika kileleni. Helen Glover wa Uingereza hakuwa mpiga makasia kabla ya 2008. Aliingia kupitia mpango wa kusaka vijana warefu kutoka michezo mingine, na mwenyewe amesimulia kwamba siku ya kupimwa urefu alinyanyuka kidogo kwa ncha za vidole ili asirudishwe nyumbani. Agosti 2012 yeye na Heather Stanning walishinda mbio za boti ya wawili, na hiyo ndiyo iliyokuwa dhahabu ya kwanza ya Uingereza katika michezo ile ya London. Oliver Zeidler wa Ujerumani, huyo uliyemwona akishinda boti ya mtu mmoja Paris, alikuwa muogeleaji hadi 2016. Mwaka 2019 alikuwa tayari bingwa wa dunia.

Lakini mifano hii isikulevye. Zeidler alikuwa amejenga mapafu na moyo bwawani tangu utotoni, babu yake Hans-Johann Färber alishinda dhahabu ya makasia mwaka 1972, na kocha wake ni baba yake mzazi. Glover naye alikuwa mkimbiaji na mchezaji wa hoki, kisha akapewa kocha, boti na muda wa kufanya kazi hiyo moja tu. Kwa hiyo swali la umri ni dogo. Swali kubwa ni kama utapata miaka kadhaa ya kufanya mazoezi bila kukimbizana na mkate, na kama utaivumilia miaka yenyewe, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi hii ni ya polepole, ya kurudiarudia, na hakuna kamera inayoifuata.

Urefu wako ni mtaji. Mpiga makasia hukaa kwenye kiti kinachoteleza juu ya reli, miguu imefungwa kwenye viatu vilivyokazwa ndani ya boti. Hujikunja mpaka magoti yanakaribia kifua, anazamisha kasia, kisha anasukuma kwa miguu. Watu wa nje hudhani kazi ni ya mikono. Mikono huja mwisho kabisa: miguu husukuma kwanza, mgongo unafunguka, ndipo mikono inamalizia kuvuta hadi mbavuni. Mwenye mapaja na mikono mirefu hushika maji mapema zaidi na kuyaachia baadaye zaidi, na kila pigo lake linabeba boti mbali kidogo kuliko la mfupi. Katika mbio za mita 2,000 mtu hupiga zaidi ya mapigo 200, kwa hiyo hicho kidogo hujumlishwa mara 200.

Kikapu kimekupa miguu. Mapafu sijui, na hayo ndiyo yatakayoamua. Mbio za mita 2,000 huchukua kati ya dakika tano na nusu kwa boti ya wanane ya wanaume na dakika saba na ushei kwa boti ya mwanamke mmoja, na zaidi ya robo tatu ya nguvu zinazotumika hutoka kwenye oksijeni. Ndiyo maana kabla ya kukuona majini kocha atakuweka kwenye ergometa, ile mashine ya makasia ya ndani ya ukumbi, akuambie upige mita 2,000 kwa nguvu zako zote. Wanaume wa timu za taifa zenye nguvu huimaliza chini ya dakika 6, wengine wanakaribia 5:45. Wanawake wa kiwango hicho wengi huangukia kati ya 6:30 na 6:50. Mtu mwenye umbo kama lako, mwenye pumzi lakini asiyejua ufundi, akipata 6:40 katika majaribio yake ya kwanza, mimi ningemwambia arudi kesho. Akipata 7:30 si mwisho wa dunia, ila safari ni ndefu zaidi.

Mashine, hata hivyo, haiyumbi. Boti ya mtu mmoja ina urefu wa mita nane hivi na uzito wa kilo 14, na ni nyembamba kiasi kwamba ukiachia kasia moja unaingia majini. Miezi ya kwanza utapinduka, mikono itatoka malengelenge, na watoto wa miaka 14 watakupita huku wakikusalimia. Vumilia hilo bila kununa.

Sasa niseme kuhusu hiyo miaka. Mzunguko wa Olimpiki ni wa miaka minne, na ndani yake mbio za dakika sita ni kitu kidogo sana. Siku ya kawaida ya timu ya taifa ina vipindi viwili, wakati mwingine vitatu. Cha asubuhi ni majini, kilomita 16 hadi 20 kwa mapigo 18 hadi 20 tu kwa dakika, mwendo ambao unaweza kumjibu mwenzako kwa sentensi fupi. Katika mbio mapigo hupanda hadi 36 au 40 kwa dakika, lakini kasi hiyo unaifanyia mazoezi mara chache kuliko unavyofikiri. Baadaye unanyanyua vyuma, au unarudi majini, au unakaa kwenye ergometa huku mtaalamu akikutoboa ncha ya sikio kuchukua tone la damu apime lakteti, kemikali inayopanda kwenye damu mwili unapojisukuma kupita kiasi, ahakikishe hujajiendesha kwa kasi kuliko ulivyoagizwa. Ndiyo, kuna siku utakaripiwa kwa kwenda kasi mno. Timu kubwa hufikisha kilomita 150 hadi 200 kwa wiki namna hii, baridi au joto. Wengi wanaoacha hawashindwi na maumivu. Huchoshwa na jinsi leo ilivyofanana na jana.

Kisha kuna kitu ambacho hutakiona kwenye televisheni na ambacho kwa maoni yangu ndicho kigumu kuliko vyote: kupigania kiti. Katika kikapu kocha anaweza kukuingiza dakika za mwisho. Katika boti ya wanne kuna viti vinne, basi. Makocha hutumia njia moja ya zamani kuchagua. Boti mbili za wanne hushindana umbali fulani, tuseme mita 1,500. Kocha, akiwa kwenye boti yake ya injini, anaandika tofauti. Halafu boti zinasogezwa ubavu kwa ubavu, mtu mmoja wa boti hii anabadilishana kiti na mmoja wa boti ile, na mbio zinarudiwa. Kama boti A ilishinda kwa sekunde mbili na sasa imeshindwa kwa sekunde moja, mtu aliyehama ameihamisha boti kwa sekunde tatu, na aliyechukua nafasi yake amejua kilichompata kabla kocha hajafungua mdomo. Wanabadilishana tena, wengine wawili, mbio nyingine. Kazi hiyo huweza kuchukua asubuhi nzima. Hakuna anayejua ni nani atakayefuata kubadilishwa, kwa hiyo hakuna anayeweza kupunguza nguvu. Na aliyekutoa kwenye kiti ndiye pengine mnayelala naye chumba kimoja kambini.

Njia hii ina makosa yake. Upepo hubadilika katikati ya mbio, na wapo watu wanaovuta vizuri na kundi moja tu. Lakini inafichua jambo ambalo mashine haiwezi kulionyesha: kuna mtu mwenye muda wa kawaida kwenye ergometa ambaye kila boti anayoingia inakwenda. Makocha humpenda mtu huyo kuliko jitu lenye 5:45 linalovuruga mwendo wa wenzake.

Hata timu ikichaguliwa, nafasi ya Olimpiki huwa ni ya nchi, haiwi ya mtu. Mashindano ya dunia ya mwaka mmoja kabla ya michezo hugawa nafasi nyingi, mashindano ya mabara yanagawa nyingine, na mashindano ya mwisho yanagombea zilizobaki. Unaweza kuifuzisha boti mwaka huu na mwakani akakaa mwingine kwenye kiti chako. Kwa nchi ambazo mchezo huu ni mchanga, mlango wa kawaida ni boti ya mtu mmoja kupitia mashindano ya bara, au nafasi chache za mwaliko. Hamadou Djibo Issaka wa Niger alipita mlango huo London 2012 akiwa amejifunza makasia kwa miezi michache tu. Alimaliza zaidi ya dakika moja na nusu nyuma ya mshindi wa mchujo wake, na jukwaa zima likasimama kumshangilia. Wapo waliomcheka, mimi simo. Ila linganisha na Kathleen Noble, mpiga makasia wa kwanza wa Uganda katika Olimpiki, aliyeshiriki Tokyo na Paris. Yeye alijifunza mchezo huu akiwa mwanafunzi wa Princeton, Marekani, baada ya kuwa muogeleaji. Chuo kilimpa boti, kocha na maji. Hapo ndipo tofauti ilipo.

Na hapo tumefika kwenye mkate. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki haimlipi mshindi hata senti. Mashindano mengi ya makasia hayana zawadi ya kuendeshea maisha, na watazamaji wanatukumbuka mara moja kila miaka minne. Mchezo huu wenyewe ulikulia mikononi mwa watu wenye nafasi, ambao kwa muda mrefu walimzuia mtu wa kazi za mikono kushindana nao. John B. Kelly wa Marekani, aliyekuwa fundi wa kujenga kwa matofali, alikataliwa kushiriki mashindano ya Henley, Uingereza, mwaka 1920. Mwaka huohuo akaenda Olimpiki ya Antwerp akashinda dhahabu mbili. Miaka mingi baadaye Pertti Karppinen wa Finland alishinda boti ya mtu mmoja mara tatu mfululizo, 1976, 1980 na 1984, huku kazi yake ikiwa zimamoto.

Leo wapiga makasia wa juu wanaishi kwa moja ya njia hizi. Italia huwaajiri wengi katika vikosi vya polisi na jeshi, na Ujerumani ina mpango wa aina hiyo jeshini. Uingereza ilirudi na dhahabu moja tu kutoka Atlanta 1996, ya Steve Redgrave na Matthew Pinsent katika boti ya wawili, na mwaka uliofuata fedha za bahati nasibu ya taifa zikaanza kuwalipa wanamichezo posho ya kuwawezesha kufanya mazoezi muda wote. Matokeo ya nchi ile tangu hapo unayajua. Wengine husoma: vyuo vya Marekani hutoa ufadhili mwingi hasa kwa wanawake, kwa kuwa makasia ya wanawake yamo rasmi katika michezo ya vyuo vyao, na Paul O'Donovan wa Ireland alishinda dhahabu Tokyo na Paris huku akifuatana na masomo ya udaktari. Wengine, na nadhani ndio wengi, wanategemea wazazi na kazi ya nusu siku. Usione haya kuuliza mambo haya mapema. Mkono mtupu haulambwi, na nimeona vipaji vikubwa vikiondoka kwa sababu ya nauli.

Mwili nao una deni lake. Mgongo wa chini ndio unaolalamika kwanza, halafu mbavu, ambazo hupata ufa mdogo kwa kuvutwa kwa namna ileile maelfu ya mara. Ufa wa ubavu unakuweka nje wiki kadhaa, na ukija mwezi mbaya unakuondolea Olimpiki. Hata hivyo mchezo huu huwatunza waliotunzwa vizuri. Redgrave alishinda dhahabu katika michezo mitano mfululizo, 1984 hadi 2000, akiwa na ugonjwa wa utumbo tangu 1992 na kisukari tangu 1997. Ile ya mwisho, Sydney, aliipata akiwa na miaka 38, katika boti ya wanne iliyoishinda Italia kwa sekunde 0.38. Elisabeta Lipă wa Romania alikuwa na dhahabu ya kwanza 1984 na ya tano 2004. Lawrence Brittain wa Afrika Kusini alitibiwa saratani mwaka 2014 na mwaka 2016 akapanda jukwaani Rio kuvishwa medali ya fedha.

Majina hayo huvutia, lakini ukitaka kujua kazi hii ilivyo mtazame zaidi Emma Twigg wa New Zealand. Wa nne London. Wa nne tena Rio. Fikiria mtu ambaye ametoa miaka minane ya ujana wake akapata nafasi ile ambayo haina medali, mara mbili. Akaacha. Kisha akarudi, na mwaka 2021 kule Tokyo akashinda boti ya mwanamke mmoja akiwa na miaka 34. Katherine Grainger wa Uingereza alipata medali ya fedha mwaka 2000, 2004 na 2008 kabla ya dhahabu ya 2012. Nami nakuambia ukweli kwamba kwa kila Twigg kuna wengi waliokuwa wa nne, wakarudi, wakawa wa tano.

Kwa upande wa kustaafu: Grainger alipata shahada ya uzamivu ya sheria akiwa bado anashindana, na baadaye akawa mwenyekiti wa taasisi inayosimamia fedha za michezo ya ushindani Uingereza. Lipă aliwahi kuwa waziri wa michezo. Mahé Drysdale wa New Zealand, aliyeshinda boti ya mtu mmoja Rio akiwa na muda uleule wa 6:41.34 na mpinzani wake Damir Martin, picha ya mstari ndiyo ikaamua, leo ni meya wa mji wa Tauranga. Asiyejulikana hutoka akiwa na miaka 30 au 32, mgongo unaouma asubuhi, na wasifu wa kazi ambao mwajiri haelewi ausomeje. Waliosoma wakati wanapiga makasia hutulia haraka. Waliosema watasoma baadaye huteseka. Kama unasoma sasa, usiache.

Kuna mabadiliko mawili unayopaswa kuyajua kabla ya kupanga. Uzani mwepesi, yaani mbio za wapiga makasia wenye uzito mdogo uliowekewa kikomo, umeondolewa Olimpiki baada ya Paris, jambo ambalo kwa mtu wa sentimita 191 halikugusi ila limewafungia mlango wengi wenye miili midogo. Na Los Angeles 2028 kutakuwa na mbio za ufukweni: unakimbia mchangani, unarukia boti, unapita maboya, unageuka, unarudi, unaruka nje na kukimbia hadi mwisho. Boti za pwani ni pana na nzito, hazipinduki ovyo, na ufundi wake unafundishika haraka zaidi. Kama uko karibu na bahari na hakuna klabu ya boti nyembamba, mimi ningeanzia huko bila kusita. Kwa miguu ya kikapu hutakuwa mgeni.

Kuhusu wewe mwenyewe. Kwanza hakikisha unajua kuogelea. Hakuna klabu ya maana itakayokupandisha botini bila hilo. Pili, tafuta ergometa kwenye ukumbi wowote wa mazoezi, umwombe anayeijua akufundishe mpangilio wa miguu, mgongo, mikono kwa wiki tatu au nne kabla hujajipima, la sivyo utaumiza mgongo na namba zako zitakuwa za uongo. Kisha jipime mita 2,000 siku moja, na siku nyingine dakika 30 mfululizo kwa mapigo 20 kwa dakika, uandike umefika mita ngapi. Jaribio la pili watu hulidharau, lakini mimi nalitazama kuliko la kwanza, kwa sababu mita 2,000 mwenye hasira anaweza kuzimaliza kwa kiburi, dakika 30 haziwezekani bila pumzi. Fanya hivyo tena baada ya miezi mitatu ya mazoezi ya siku tano kwa wiki.

Ukiwa na seti hizo mbili za namba, pamoja na uzito wako na urefu wa mikono iliyonyooshwa kutoka ncha hadi ncha, liandikie shirikisho la makasia la nchi yako barua fupi isiyo na ndoto ndani yake, namba tu. Kama seti ya pili imepanda sana kuliko ya kwanza, watakujibu. Nami nitumie nakala.